Sufuria Iliyorudi Imejaa

Kamakwa, Nyeri
Jumamosi, alasiri

Muriuki mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Karatina kutafuta buti, na najua hutarudi mapema, maana wewe ukiingia kwenye soko lile lazima ujaribu viatu vyote halafu ununue vile vya kwanza ulivyoonyeshwa. Kwa hivyo nimeketi hapa jikoni, nimesukuma vitunguu kando, nikuandikie. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza jambo zito naingiza mzaha, wewe unacheka, na mwisho tunajikuta tunazungumza habari za ng'ombe wa jirani.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za kunipigia simu. Ulinilisha kwa kijiko majuma kumi na moja, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Nitakufundisha nini mimi kuhusu kujitunza? Nataka kukuambia jambo nililokukosea, na jambo nililofanya Alhamisi ulipoenda kuchukua barua yako ya kazi ya mifugo kule Doldol. Wenzangu wote wa kikundi cha upishi wanalijua. Nimewaomba wasikuambie, kwa sababu linapaswa kutoka kwangu.

Wewe ulizaliwa ukanikuta mnene. Hapa kwetu mpishi akiwa mwembamba watu wanashuku chakula chake, kwa hivyo unene wangu ulikuwa kama bango la biashara. Tangu Kiriaini mpaka Sagana, harusi na mazishi, nikishuka tu na mwiko wangu watu walijua watashiba. Na nikuambie siri ya wapishi: mpishi haonekani akila. Anaonja. Nilionja mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, nikaonja mchuzi, nikaonja chapati ya kwanza na ya kumi na ya mwisho, halafu watu wakiketi kula nasema asante, mimi nimeshiba harufu. Baba yako alipofariki watu walituletea chakula majuma mawili, wakaacha. Mimi niliendelea kula kana kwamba matanga hayajaisha.

Halafu ikaja sukari, yakaja magoti, ikaja ile pumzi. Hilo hatujawahi kulizungumza hata siku moja. Ulikuwa unalala chumba cha pili, na ukisikia pumzi yangu imekatika usingizini unagonga ukuta mpaka nishtuke. Kuingia usingeingia. Kwetu kijana akishatahiriwa haingii chumba cha mama yake, na wewe ulilishika hilo kuliko hata wazee. Ukawa unagonga tu. Miaka miwili uligonga ukuta ule mpaka rangi ikabanduka, na asubuhi tunakunywa chai kama watu ambao hawakusikia kitu.

Daktari aliposema tumbo likatwe, nilikubali kwa sababu ya ukuta ule. Sikukuambia wakati huo. Niliona rangi imebanduka upande wako siku nilipoingia kufagia, nikaketi kwenye kitanda chako nikalia, kisha nikampigia daktari.

Kule Nairobi walinikata tumbo wakaniachia kipande chenye ukubwa wa ndizi. Hilo uliambiwa wewe peke yako. Kikundini nilisema nimetolewa uvimbe. Fikiria, wanawake ambao tumepika pamoja miaka ishirini, wengine mama zao waliokolewa na njaa kwa uji wa shule za misheni, nitawaambiaje kwamba nimeenda kukatwa tumbo ili nisile? Niliona watanicheka mpaka mazishi yangu. Uvimbe ni ugonjwa wa heshima. Mtu akitolewa uvimbe anaombewa.

Na pia analetewa chakula. Hilo sikulipigia hesabu, mimi niliyepika vyakula vingapi vya wagonjwa!

Karatasi ya daktari ulikuwa umeibandika kwenye friji: majuma matatu ya vitu vya maji tu, kijiko kimoja kimoja. Juma la pili, siku ulipotoka kuchukua maziwa, Mama Wanja wa kikundi akaingia. Unamjua, yeye hapigi hodi, anakohoa tu mlangoni. Alikuja na mukimo na njahi zilizokaangwa kwa kitunguu, yale maharagwe meusi ya kupewa mama aliyejifungua, akaketi kitandani pangu akanifungulia sahani.

"Kula, Mama Muriuki. Mtu akitolewa uvimbe damu inaisha. Hii njahi ndio inarudisha damu."

Sentensi moja tu ingetosha. Mama Wanja, nimekatwa tumbo, siwezi. Badala yake nilikula. Nilikula vijiko vinne, na cha nne nilikila kwa sababu alikuwa ananitazama mdomoni akitabasamu. Alipotoka nilisukuma sahani chini ya kitanda.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu mimi nakumbuka vipande tu. Nakumbuka kutapika. Nakumbuka joto, na maumivu yakipanda mpaka bega la kushoto. Nakumbuka uliporudi ukagonga ukuta, sikujibu. Ukagonga tena. Kisha nikasikia mlango unafunguliwa, na nikawaza, nikiwa katika hali ile, ati huyu mtoto anaingia chumbani kwangu! Uliniinua, ukanifuta shingo kwa shati lako, ukanibeba mpaka kwa gari la jirani. Ulikuwa unasema, "Mathe, angalia mimi. Angalia mimi tu."

Mshono ulikuwa umefumuka. Wakanipasua mara ya pili, wakaniwekea mpira ubavuni, nikalala wodini mwezi mzima nikilishwa kwa mrija. Daktari aliponiuliza nilikula nini, nilisema uji. Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo. Ulikuwa umeiona sahani chini ya kitanda, kwa sababu niliporudi nyumbani niliikuta kabatini, imeoshwa. Hukunitaja kwa daktari wala hukunigombeza. Natamani ungenigombeza.

Nyumbani nikawa mtu mbaya. Nilikuwa natumaini nikirudi nitakuwa yule wa picha walizotuonyesha kliniki, mwanamke anayekimbia na viatu vyeupe. Nikajikuta nywele zinatoka kwa mafungu, ngozi ya mikono imelegea, nasikia baridi hata jua likiwaka, na harufu ya kitunguu inanipeleka kwenye karai. Nilichukia tumbo jipya, nikamchukia daktari, nikakuchukia wewe na ile simu yako iliyolia kila dakika kumi. Kila ikilia, kijiko cha maji. Siku moja nilikurushia kikombe nikasema nirudishieni tumbo langu. Uliokota vipande, ukarudi na kikombe cha plastiki. "Hii sasa rusha mathe, haivunjiki." Sikucheka siku hiyo. Nimecheka leo nikiandika.

Na kazi yako ya kwanza, ile uliyoitiwa nikiwa kitandani, uliiacha ipite. Ulisema ati gari la ofisi yao ni bovu. Nilijifanya nimeamini.

Sasa nifike kwenye sufuria.

Mama Wanja alikuja tena, akakukuta langoni. Ulipokea sufuria yake kwa mikono miwili, ukamwambia kwa heshima kwamba nimelala. Harufu ya njahi ikanifikia kitandani kabla yako. Nikapiga kelele kama mwendawazimu. Irudishe! Hata isiingie mlangoni!

Ulikuja ukasimama hapo ukaniuliza polepole, "Mathe, nirudishe ikiwa imejaa?"

"Rudisha!"

Ulijua unachoniuliza. Kwetu hata kiondo hakirudishwi kitupu. Ukiletewa mboga unarudisha na mayai mawili, au viazi, au hata limau moja chini kabisa. Lakini kumrudishia mtu sufuria ikiwa na chakula chake mwenyewe, hakijaguswa, ni kumwambia chakula chake ni uchafu. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na hakuna anayelijua kuliko mpishi. Nami nilikutuma. Ungeweza kumwagia kuku, ungeweza kumpa jirani, lakini nilisema rudisha, nawe ukatii. Ukavuka barabara na ile sufuria saa ambayo watu wa kwaya wanatoka mazoezini.

Jioni ile ile Kamakwa nzima ilikuwa na habari. Na kwa kuwa kila aliyenitazama aliona nguo zinanining'inia, wakaunganisha mambo. Yule kijana anamnyima mama yake chakula. Anangoja arithi ploti ya mama yake ya barabarani. Pale unapochukua maziwa wakaacha kukusalimu. Mzee mmoja wa kanisa alikusimamisha barabarani akakuuliza kama unamwogopa Mungu. Ulimjibu ni daktari amesema, lakini nani angekuamini, na mimi nilisema ni uvimbe?

Halafu Mama Wanja akaja mikono mitupu. Akaketi pale pale kitandani, akashusha sauti. "Niambie ukweli, mimi si mtu wa nje. Huyu kijana anakunyima chakula?"

Muriuki, ulikuwa kwenye korido na kikombe. Niliuona mkono wako kwenye fremu ya mlango. Mama Wanja hakukuona. Na nikasema, "Mambo ya chakula iko kwake. Muulize yeye."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sikusema uongo, ndivyo nilivyojiambia. Aliondoka akitikisa kichwa, akakupita bila salamu, nawe ukaingia ukaketi kwenye kile kiti. "Mathe, saa ya maji imefika." Ukanipa kijiko. Hukumwaga hata tone. Mimi maji yalinimwagikia kifuani.

Nimelifikiria jambo hilo mwaka mmoja na nusu. Nikikata karoti nalifikiria, nikiimba kanisani nalifikiria. Aibu yangu ilikuwa ndogo, ningeweza kuifunika kwa kiganja, na nikaamua kuifunika kwa mwanangu. Ulikuwa na jina moja tu, jina la babu yako, na uliliacha lichafuliwe mbele ya macho yako ili mimi nisichekwe. Nisamehe. Sitaki kulipamba hilo neno. Nisamehe.

Na ninakushukuru, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya barua hii hata kama imechelewa kufika. Asante kwa vijiko vyote vya maji. Asante kwa yai la kwanza, lile ulilolikoroga mpaka likawa kama uji, nikala nusu yake nikalia kwa furaha, nawe ukamalizia nusu nyingine ili lisipotee. Asante kwa kunitembeza mpaka langoni, kesho yake mpaka kwa fundi viatu, mwezi uliofuata mpaka kwenye kona ya shule, ukijifanya wewe ndiye umechoka. Siku ya kwanza niliyolala usiku mzima bila kugongewa, nilikukuta asubuhi umeketi sebuleni umejifunika blanketi, macho mekundu. Hukusikia pumzi yangu ikikatika, ukaogopa kulala. Asante kwa hiyo pia.

Leo nainama nafunga kamba za viatu vyangu. Viazi vya shamba dogo nimevipanda kwa mikono yangu na nimevichimba. Dawa za sukari zimepungua. Bado nikila haraka narudisha, bado chapati ni adui yangu, na bado natembea na sweta mbili, lakini nalala na kuamka. Deni la shukrani hili sitalimaliza, na wala sitaki kulimaliza, nalipenda.

Sasa Alhamisi. Kikundi kilikuja hapa kupanga chakula cha kukuaga. Tukazungumza mchele, tukazungumza nani ataleta viti. Halafu Mama Wanja akasema, akicheka, "Huyu aende tu. Huko Doldol wale watu wa ng'ombe watamfunza kupeana." Wote wakacheka. Nami nikacheka, Muriuki. Nilisikia kicheko changu kikitoka. Ndipo nikaona kwamba Jumapili utapanda gari na kwenda zako, na kicheko kile kitabaki hapa mahali pako.

Nikasimama. Nikafungua vifungo vya chini vya blauzi nikawaonyesha, makovu madogo matano ya Nairobi na lile refu la mara ya pili. Nikawaambia nilikatwa tumbo kwa sababu ya unene. Nikawaambia habari ya vijiko vinne na sahani chini ya kitanda. Nikasema sufuria ni mimi niliyeituma, mtoto aliniuliza mara mbili kwa macho na mara moja kwa mdomo, na mimi ndiye niliyesema irudi imejaa.

Hakuna aliyecheka kuhusu tumbo. Hata mmoja. Miaka yote niliogopa kicheko ambacho hakikuja.

Lakini Mama Wanja aliweka kikombe chini. "Yaani mwaka mzima umeniacha nikitukana mtoto yako? Mimi? Na wewe unaniangalia tu?" Nikasema ndiyo. "Na ile njahi yangu ndio ilikupeleka wodini?" Nikasema ndio ilikuwa, lakini mdomo ulikuwa wangu. Akachukua kiondo chake. "Chai yako sitaki," akasema, akatoka bila kufunga lango. Ijumaa alinipita barabarani kama mti. Nilistahili, ingawa iliniuma.

Kwa hivyo ushauri wangu wa Doldol ni huu tu, na ni wa mtu aliyeupata kwa kupasuliwa. Utafika kwenye boma la mtu kuchanja mbuzi wake, nao watakupa chai ya maziwa, na nyama, na utakula, kwa sababu una tumbo zima na mimi nimekulea vizuri. Siku utakayoshindwa, kwa ugonjwa au kwa sababu yoyote, waambie sababu yenyewe. Usiwape sababu ya heshima. Na ukiona umemwachia mtu mwingine abebe jambo lako, usingoje mwaka na nusu.

Nilikuwa nimalizie hapo. Barua hii nilianza kuiandika kichwani tangu Ijumaa na mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Lakini leo asubuhi, ulipokuwa bafuni, nilisikia mtu anakohoa mlangoni.

Alikuwa Mama Wanja, na sufuria ile ile, yenye kibonyeo upande mmoja. Hakuketi. Alifungua kifuniko akanionyesha: uji mwepesi wa wimbi, ameuchuja, na kiasi chake hakijai hata vikombe viwili. "Nimechuja mara mbili na kitambaa," akasema. "Hii unaweza?"

Nikasema naweza. Nikanywa mbele yake, polepole, vijiko sita, na safari hii sikuona haya kutua katikati. Alinitazama mdomoni kama siku ile. Kisha akauliza uko wapi. Nikasema unaoga, unaenda Karatina, akasema hawezi kukuona leo, bado uso wake hauko tayari. "Lakini kesho asiende kabla sijamtemea mate kwa kifua. Na sufuria asilete mtu mwingine. Alete yeye."

Unajua yule mama hambariki mtu ovyo. Hata wajukuu wake wengine wanangoja.

Sufuria iko hapa mezani mbele yangu. Nimeiosha, nimeijaza viazi vya shamba dogo, vile vikubwa nilivyochimba mwenyewe, mpaka kifuniko hakikai. Kesho watu watakuwa wanatoka ibada ya kwanza, barabara itakuwa imejaa. Usipitie njia ya nyuma. Ishike kwa mikono miwili, vuka polepole, uwasalimu wote.

Mimi nitakuwa nimesimama langoni, wanione.

Mama yako